WADUDU NA LAMI KATIKA NJIA YA KUINGIA KIGALI

Gari litokalo Tanzania kwenda Kigali huvuka mpaka Rusumo, mahali mto Akagera unapoporomoka kati ya miamba. Hapo dereva huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika upande wa kulia. Tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilipozinduliwa mwaka 2016, shughuli za nchi zote mbili humalizwa mahali pamoja, na msafiri huendelea na safari yake bila kupoteza saa nyingi. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, hata mji ukaonekana juu ya vilima vyake.

Njia ni nzuri, lakini gari halifiki jinsi lilivyoondoka. Mabonde ya upande huo yana maji na mafunjo, na jua likaribiapo kutua wadudu huruka makundi kwa makundi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini na kuzifuata taa. Katika mkoa wa Kagera, upande wa Tanzania, senene nao wana msimu wao. Wote hao hukutana na kioo cha mbele, boneti, bampa na namba ya gari, na hapo huishia.

Kuna na lami pia. Barabara ya Kagitumba, Kayonza na Rusumo, yenye urefu wa kilomita 208, imefanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya karibuni. Popote lami mpya imwagwapo, jua la mchana huilainisha, na matairi huirusha kwa matone madogo meusi yakaganda juu ya milango na nyuma ya magurudumu.

MJI USIOFICHA UCHAFU

Kigali ni mji wa vilima, ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, ukawa makao makuu ya nchi Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962. Leo mji huo unasifika kwa usafi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi hutoka asubuhi kufanya umuganda, kazi ya pamoja ya kufagia, kufyeka na kuzibua mifereji.

Katika mji wa namna hiyo gari lililojaa mizoga ya wadudu huonekana mara moja, na mwenyewe huona haya. Haya hiyo huzaa haraka, na haraka ndiyo iharibuyo rangi. Huyu hushika kisu, yule huchota mchanga kando ya njia, wa tatu huomba petroli kwa jirani. Jioni gari ni safi. Asubuhi, jua linapolipiga, mikwaruzo huonekana kama ramani.

KWA NINI WADUDU NA LAMI HUHARIBU RANGI

Rangi ya gari la siku hizi imepakwa kwa matabaka. La juu kabisa ni angavu mfano wa vanishi, nalo kwa kawaida haliuzidi unywele mmoja kwa unene. Tabaka hilo ndilo lipatalo jua, mvua na vumbi kwa ajili ya yale ya chini, na likiisha, bati hubaki wazi kwa kutu.

Mwili wa mdudu una maji yenye tindikali. Anapopasuka juu ya bati la moto, maji hayo hukauka upesi na kuanza kuila rangi. Akiachwa siku mbili tatu juani, alama yake hubaki hata baada ya yeye mwenyewe kuondolewa. Aidha gamba lake ni gumu. Mwenye kumkwangua akiwa mkavu hulisugua gamba hilo juu ya rangi kama msasa.

Lami ina tabia nyingine. Imetokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo maji hayaiyeyushi hata yakiwa ya moto namna gani. Mwenye kuisugua kwa sabuni na brashi ngumu huimaliza rangi kabla ya kuimaliza lami. Dawa ya lami ni mafuta.

KUONDOA WADUDU

Gari na liwekwe kivulini hata boneti ipoe. Ndoo mbili zinahitajika: moja ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini ya maji, na ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwani ni kali na huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi.

Kwanza gari limwagiwe maji mengi ili vumbi jekundu litoke, maana vumbi hilo ni mchanga uliosagika. Kisha fulana kuukuu au taulo ichovywe katika maji ya sabuni, itandazwe juu ya wadudu na kuachwa dakika 10. Ikikauka iloweshwe tena. Wadudu watalainika, na kufuta kwa mkono mwepesi kutatosha. Walio wakaidi warudiwe vivyo hivyo mara ya pili na ya tatu. Waya wa kusugulia sufuria, majivu, mchanga na kisu visikaribie kabisa.

Wanyarwanda wana msemo wao: buhoro buhoro ni rwo rugendo. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, maana ndiyo ile polepole ndio mwendo. Na akitaka kumweleza mwoshaji wa magari mjini Kigali kwamba asikwangue, Kiswahili mara nyingi kitamfaa. Lugha hii imezungumzwa kwa miaka mingi Biryogo na Nyamirambo, na mwaka 2017 Rwanda iliifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi.

KUONDOA LAMI

Baada ya gari kuoshwa na kukaushwa, matone ya lami hutafutwa moja moja. Kitambaa laini kitiwe mafuta ya taa kidogo, kiwekwe juu ya tone kwa dakika moja au mbili, halafu kifute bila nguvu. Kila mara upande safi wa kitambaa utumike, ili lami isitapakae. Palipo na tone dogo, mafuta ya kupikia nayo hulilainisha, ingawa huchukua muda zaidi. Lami ikiisha kutoka, mahali hapo paoshwe upesi kwa sabuni na maji, kwani mafuta ya taa yakiachwa juu ya rangi nayo huidhuru.

Petroli isitumike: mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Tina ya mafundi rangi nayo isitumike, kwa sababu huyeyusha rangi pamoja na lami. Hata kwa mafuta ya taa, kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, na watoto wasiachwe karibu. Vifuniko vya taa vya siku hizi ni vya plastiki, na mafuta hayo huweza kuvipasua au kuvitia ukungu, kwa hiyo taa zioshwe kwa sabuni na maji pekee. Breki na mpira wa matairi pia visiguswe na mafuta.

Mwisho, gari likiwa kavu, lipakwe nta nyembamba. Mdudu na lami havishiki sana juu ya nta, na safari ijayo kazi itakuwa nusu.

MAGARI YA KAZI

Wanajeshi na askari polisi wana jambo la kuangalia zaidi. Gari la jeshi lililopakwa rangi isiyong'aa lisipakwe nta wala polishi, kwani litang'aa, na rangi ile iliwekwa makusudi ili lisionekane kwa mbali. Lioshwe tu kwa sabuni laini, na lami itolewe kwa kiasi kidogo sana cha mafuta.

Katika kila gari, la kazi au la nyumbani, zipo sehemu zinazohusu uhai kuliko urembo. Kioo chenye mafuta ya wadudu, usiku taa za gari lijalo zikikipiga, hugeuka ukuta mweupe, na waipa zikipita juu yake bila maji hutandaza uchafu zaidi. Taa zilizofunikwa hazimuliki mwendao kwa miguu, na Kigali ni mji wa waenda kwa miguu na wa pikipiki nyingi. Rejeta iliyozibwa na kumbikumbi haipitishi upepo, na injini huchemka katika vilima, pale pale dereva anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo kioo, taa, namba na rejeta husafishwa kwanza, hata njiani. Boneti huweza kungoja kivuli.

MAJI YANAKOKWENDA

Limebaki jambo ambalo vilima vya Kigali hulifundisha vizuri kuliko mji wa tambarare. Maji yamwagwayo juu hayakai, huteremka. Mifereji mirefu ya mawe kando ya barabara huyapokea. Ule wa Mpazi hushuka hadi Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi, na mto Nyabugogo huingia Nyabarongo. Nyabarongo nao hupeleka maji yake katika Akagera, ule ule mto ambao msafiri aliuvuka Rusumo, na kutoka hapo huenda ziwa Victoria. Mafuta ya taa yaliyomwagwa mferejini Kigali yameanza safari ya kurudi kwa jirani.

Njiani kuna mlinzi mmoja, nayo ni mafunjo ya mabondeni, ambayo huchuja matope na kupunguza nguvu ya maji. Ndiyo maana viwanda vya bonde la Gikondo viliondolewa na vingi kuhamishiwa eneo maalumu la Masoro. Ndiyo maana pia bonde la Nyandungu, hekta 121, lilirudishiwa hali yake na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2022. Atokaye Rusumo hupita kando ya bonde hilo kabla ya kupanda Remera, pengine gari lake likiwa na wadudu wote wa safari.

Hivyo gari lisioshewe mtoni wala bondeni. Mahali pazuri pa kuoshea pana shimo ambamo matope hutua chini na mafuta huelea juu kabla ya maji kutoka. Vitambaa vyenye lami vitiwe katika kopo la bati lenye kifuniko na kukabidhiwa wazoa taka, visitupwe mferejini. Kwa wanyumba kazi yote hii ni ya ndoo mbili, fulana kuukuu, kikombe cha mafuta ya taa na saa moja ya subira. Gari hubaki na rangi yake, na bonde hubaki na maji yake.