Tandiko la Vipande Kumi na Viwili

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mashairi na majumba ya makumbusho peke yake. Hukaa pia katika vitu vya nyumbani ambavyo, kwa kuwa huvishika kila siku, watu huacha kuvitazama: mbuzi ya kukunia nazi, kata, mkeka, nguo. Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu waliokosa roho ya kuwafanya taifa. Hapana budi basi kujiuliza: mkusanyiko hugeukaje kuwa taifa? Wataalamu wana majibu yao. Langu nimelipata kwenye sindano na uzi.

Mwaka 2011, Uhuru wa Tanganyika ulipotimiza miaka 50, wanawake watano wa mtaa wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, tuliazimia kushona tandiko moja la vipande, ambalo wengine huliita mfarishi. Lilikuwa na vipande 12, safu nne za vipande vitatu, kila kipande sentimita 30 kwa 30 baada ya kushonwa. Kila kipande kilitakiwa kueleza jambo moja la historia ya nchi yetu. Kiongozi wa kazi alikuwa shangazi yangu, ambaye ndiye mjuzi wa mkasi kupita sisi sote.

Yuko atakayesema kwamba kushona vipande namna hii ni sanaa ya kigeni. Sivyo. Mkeka wa pwani ni nini, ila ukili mwembamba uliosukwa kwa urefu kisha ukaungwa, mshono juu ya mshono, hata ukaenea chumba? Na kanga yenyewe ilianzaje? Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi vyenye maua, jina lililotoka kwa Wareno. Badala ya kuzitumia moja moja waliziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara waliiga vazi hilo na kulipiga chapa likiwa zima. Kwa hiyo vazi la heshima kuliko yote katika pwani yetu lilizaliwa kwa kuunga vipande.

Safu ya kwanza tuliiweka kwa ajili ya nguo zenyewe: merikani, kaniki na leso. Merikani ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa kutoka viwanda vya Marekani, nacho kikachukua jina la nchi kilikotoka. Kaniki ilitiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na mafukara. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wanawake wengi waliokuwa wamefungwa kaniki waliiacha wakajitanda kanga za rangi, ili mtu akiwaona asiwaulize tena wao ni mali ya nani. Anayedhani kwamba uhuru ni neno la majukwaani tu azitazame nguo tatu hizo zikiwa zimekaa bega kwa bega.

Safu ya pili ilikuwa ya dola. Kipande cha kwanza kilidariziwa Mwenge, uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia Uhuru mwaka 1961. Cha tatu kilikuwa jembe, kwa ajili ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hivyo havikutusumbua. Kilichotusumbua ni cha katikati, kipande cha Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964.

Bendera yenyewe haikatwi. Ina heshima yake kwa sheria. Tulichukua rangi zake tu katika vitambaa vya kawaida: kijani, buluu, na mstari mweusi wenye kingo za manjano upitao mshazari. Hapo ndipo ulipo ugumu. Kitambaa kikikatwa kwa kufuata uzi wake hutulia, lakini kikikatwa mshazari huvutika, na mshonaji mwenye haraka huishia na kipande kilichojikunja kama jani lililoungua. Dawa yake ni kupiga bandi kwanza, kwa mishono mirefu isiyokazwa, kisha kukiacha kitambaa kilale usiku kucha. Kesho yake ndipo ushone mshono wa kudumu. Shangazi alitukataza kabisa kuvuta. Upande unaovutwa zaidi, alisema, ndio utakaofumuka kwanza.

Safu ya tatu ilikuwa ya Tanga. Kipande kimoja kilikuwa dau la wavuvi wa Pangani. Kingine kilikuwa cha lugha, kwa kumkumbuka Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuzikwa mwaka 1962 katika ardhi hii hii ya Machui; hicho tulikiunga kwa vipande vya kanga chakavu vilivyobeba majina yake, maneno yakipishana juu na chini. Cha tatu kilikuwa cha mkonge, nacho ndicho kilicholeta mabishano.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Miji ya Tanga, Muheza na Korogwe ilinenepa kwa zao hilo. Waliolikata walitoka mbali: Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, na wengine hata Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa shambani walihesabiwa kwa namba. Kila mmoja alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi aliyopimiwa haikukamilika haikutiwa alama, na mshahara wake ulingoja mpaka nafasi zote zijae.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, Mbena aliyefika katika shamba moja la upande wa Muheza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Shangazi alikuwa amehifadhi kadi moja ya baba yake katika kasha. Ilikuwa na alama 23. Siku iliyofuata babu aliugua homa, na aliporudi kutoka kitandani aliambiwa ameacha kazi. Siku zile 23 hakulipwa.

Tulikata gunia la katani, tukalitia bitana ya merikani ili lisifumuke, tukalishona kwa shazia kwa sababu sindano ya kawaida ilivunjika. Juu yake shangazi alidarizi visanduku 30, akavitia alama nyeusi 23, akaacha saba vitupu. Binti wa jirani, aliyekuwa mdogo wetu katika kazi ile, alisikitika.

“Bibi,” alisema, “tuvijaze vyote. Hii ni nguo ya sherehe.”

“Tukivijaza, mjukuu wangu, tutakuwa tumesema alilipwa.”

“Lakini tunasherehekea Uhuru, Bibi, si madeni ya zamani.”

“Baba yangu aliimba usiku ule mpaka sauti ikamkauka,” alijibu shangazi. “Aliimba kwa sababu alijua anachodai.”

Hapana aliyesema zaidi. Visanduku saba vilibaki vitupu, na viko hivyo hadi leo.

Nimelifikiri sana jibu lile. Neno kipande, ambalo sisi tulikuwa tukilitamka mchana kutwa juu ya mkeka huku tukicheka, ndilo lililomhesabu babu yangu jasho lake. Walakini ndani ya kambi zile zile Mbena alilala chumba kimoja na Mmakonde, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wote walishika Kiswahili. Babu alioa mke wa Kibondei. Mimi ninayeandika maneno haya nimetokana na mshono ule. Waliowakusanya manamba hawakukusudia kujenga taifa. Walikusudia kukata mkonge. Walioukaza uzi ni manamba wenyewe. Kuficha dhuluma waliyotendewa ili nguo ipendeze ni kuwanyang’anya pia kazi hiyo ya pili, ambayo hakuna aliyewaandikia kwenye kadi.

Safu ya mwisho ilikuwa ya miaka iliyo karibu. Kipande kimoja kilitoka katika kanga ya shangazi ya mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo zilipokuwa adimu madukani na watu wakipanga foleni tangu alfajiri. Kanga hiyo ilikuwa na kiraka juu ya kiraka, nasi hatukuongeza chochote, tuliikata ilivyo. Kingine kilikuwa cha msiba wa Mwalimu, aliyetutoka tarehe 14 Oktoba 1999. Cha 12 kilikuwa kisutu, kanga ya harusi, kilichotolewa na yule binti wa jirani.

Vipande vilipoungwa tuliweka blanketi kuukuu katikati na kanga chini, tukadarizi matabaka matatu kwa pamoja, tukianzia kati na kwenda nje. Ng’ambo ya bahari, huko Karnataka nchini India, wanawake wa Kisidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona matandiko ya namna hii wanayoyaita kawandi. Wao huanzia pembeni na kwenda kati. Njia ni mbili, lakini sharti ni moja: uzi upite matabaka yote. Uzi unaokamata kitambaa cha juu tu hupendeza siku ya kwanza, na ukifuliwa mara moja huachia.

Basi hilo ndilo jibu langu. Mkusanyiko hugeuka taifa pale uzi unapopita matabaka yote, hata lile la gunia lisilotakiwa kuonekana, bila kuvuta upande mmoja zaidi ya mwingine. Yako mambo ya kujivunia katika historia yetu, nayo yanastahili rangi zake. Lakini kila mtaa wa pwani hii una kasha lenye kadi, gunia au kanga yenye viraka, na mzee anayejua habari yake. Mzee akiondoka, kadi hubaki karatasi tu. Ndugu msomaji, mwulize wa kwenu angali yupo, na akisema visanduku fulani viachwe vitupu, usivijaze.