Gitaa linalia, jirani analala

Vijana wenzetu, salamu kutoka Nakivale. Leo tunaandika kuhusu kelele.

Wengi wetu tumetoka Kivu, na gitaa tulikuja nalo kichwani hata kama mikono ilikuwa mitupu. Rumba ya Kongo ilipoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, tulijivuna kweli. Lakini kurekodi sebene huku ni kazi. Mchana kuna watoto, kuna mashine ya kusaga, na mvua ikipiga mabati ndiyo basi tena. Usiku kumetulia, ila nyumba zimebanana na watu wamelala. Mama mmoja jirani alitueleza kwa upole kwamba muziki haukatai, ila mlio wa ghafla usiku unamrudisha kule alikotoka, na usingizi haurudi. Sisi sote tulikimbia milio. Tungempaje mingine?

Ndiyo maana tukatafuta lodiboksi. Ni kisanduku unachokichomeka kwenye tundu la spika nyuma ya amplifaya. Amplifaya inasukuma nguvu zake kama kawaida, kisanduku kinazigeuza kuwa joto. Sauti kidogo inachukuliwa hapo, inapita kwenye intafesi, inaingia kwenye kompyuta. Mpigaji anajisikia kwenye hedifoni. Chumbani zinasikika nyuzi tu.

Ila sauti hiyo ikiwa mbichi inakwaruza kama nyuki ndani ya kopo, kwa sababu spika ya gitaa ndiyo huwa inapunguza ule ukali wa juu. Hapo programu inatumia faili dogo lililopimwa kutoka spika halisi mbele ya maikrofoni. Ukibadilisha faili, ni kama umebadilisha spika. Mengine yanapatikana bure.

Mkijaribu, shikeni haya. Amplifaya ya valvu msiiwashe kamwe bila spika au lodiboksi, transfoma inaweza kuungua. Ohm zilingane, 8 kwa 8. Kisanduku kiweze kubeba wati nyingi kuliko za amplifaya. Tumieni waya wa spika, si wa gitaa. Na kwa kuwa kinapata moto, kisikae juu ya turubai. Kama hamna amplifaya, kuna programu za kuiga amplifaya nzima, hapo kisanduku hakihitajiki.

Kifaa hiki si cha bei ya chini. Sisi tuko nacho kimoja, tunapeana zamu: solo leo, mi-solo kesho. Ninyi wa mashirika, mnapopanga kuwapa vijana vyombo vya muziki, ulizeni pia kelele itaenda wapi. Swali hilo linawasaidia vijana, linamsaidia na mama aliyelala ukuta wa pili.

Na nyie wa Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma, mnarekodi vipi usiku? Tuandikieni hapa chini, tujifunze pamoja.