Pesa za Kale Uani: Msikimbilie Ndimu na Jivu

Leo tunaweka kando hina na singo, tuzungumze juu ya kitu tulichokikuta harusini Mikindani, Mtwara, tulipokwenda kumsindikiza mwenzetu.

Vijana walikuwa wakichimba mashimo ya nguzo za turubai uani. Jembe likatoa pesa tatu za shaba, kijani kwa kutu. Moja ilionyesha mizani, na nyuma maandishi ya Kiarabu. Bibi wa bi harusi akaitambua: pesa ya Sayyid Barghash, zile za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882 hivi.

Habari ikatoka nje kabla ya Alasiri. Wakaja jamaa na mashine ya kutafutia madini, wakitaka kupekua ua mzima. Pwani hii, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, hadithi za rupia za Mjerumani haziishi. Na sisi wanawake tukawa na letu: zisuguliwe kwa ndimu na jivu, sonara azitoboe, ziwe kidani cha bi harusi.

Bibi akawaambia, “Wanangu, ua huu una wenyewe. Nani kawaambia ni mali ya kuokota?”

Swali hilo ndilo lililotukalisha chini. Wengi tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kwenye rikazi mna khumsi, moja ya tano. Lakini rikazi ni mali iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu. Pesa yenye alama za Waislamu, mafakihi wengi wameihesabu kuwa luqata, kitu kilichopotea, kinachotangazwa mwaka mzima. Na ikiwa ndani ya ua wenye mwenyewe, huulizwa kwanza mwenye ua, kisha waliomtangulia na warithi wao. Bi harusi hawezi kuvaa kidani ambacho huenda ni fungu la shangazi zake. Familia ikaamua pesa zihifadhiwe mpaka warithi wote waulizwe, na sheikh atoe hukumu. Mashine ikarudi ilikotoka.

Iko pia sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na hairuhusu kuvichimbua bila kibali. Pesa ya Barghash ni ya baadaye, lakini nani ajuaye kilicho chini yake?

Wenzetu wa Pemba wanaijua Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 zilipatikana pale sarafu zaidi ya 2,000, nyingi vijisarafu vya fedha visivyo na mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu zenye tarehe, na hizo ndizo zilizosaidia kujua kuwa hazina ile ni ya karne ya 11. Lau dinari zingeuzwa kwa sonara, vile vidogo vingebaki bila umri.

Basi jembe likigonga pesa msingini au shambani kwenu, fanyeni hivi:

Simamisheni kazi, mweke alama mahali hapo. Pigeni picha, mpime kina.

Msichokoe juu yake. Ondoeni udongo pembeni kwa kijiti, muinue pesa na bonge lake la udongo.

Msisugue. Ndimu, siki, jivu na dawa ya meno hula shaba, na maandishi huondoka na kutu.

Zifungeni katika karatasi kavu, zote pamoja, na muandike zilipotoka.

Mjulisheni mwenye ardhi, kisha serikali ya mtaa au ofisi ya mambo ya kale. Na la dini, muulizeni sheikh wenu.

Na ikiwa bibi ana pesa ya zamani sandukuni, muulizeni leo ilitoka kwa nani, muandike jina. Allah awape maharusi wetu rizki ya halali na mapambo yasiyo na deni la mtu. Amin.