Akingoja Maganda: Kazi ya Bibi Shamba Kilosa na Mikumi

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia Kilosa akiwa bibi shamba kijana, kazi yake kuwafundisha wakulima kilimo bora cha mahindi, ufuta na alizeti. Katika mafunzo yake, magugu yalikuwa ya kung'olewa tu. Mvua za kwanza ziliponyesha, akawakuta akina mama wameinama pembezoni mwa mashamba yaleyale, wakichuma alichotumwa kukifyeka. Ulikuwa mgagani. Waliuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha wakauunga kwa karanga zilizotwangwa na kuula kwa ugali.

Tangu msimu ule akawa hapiti kimmea chenye ua la petali nne bila kuchutama.

Kwa muda mrefu vitabu viliuweka mgagani, Gynandropsis gynandra, pamoja na jamii ya mikapari. Hata buku la mwaka 1964 la Flora of Tropical East Africa, mfululizo mkubwa wa mimea ya kanda hii, liliufuata mpangilio huo. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mgagani na wenzake ni ndugu wa karibu zaidi wa haradali, kabichi na sukuma wiki, na mwaka 2009 mpangilio wa kimataifa wa mimea ya maua ukawapa familia yao wenyewe, Cleomaceae. Kwa bibi shamba undugu huo ulikuwa na ushahidi mdomoni. Mimea ya familia zote mbili ina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Jani likitafunwa, kimeng'enya kilichotengwa nazo hukutana nazo, na ukali hupanda mpaka puani.

Kuzitenganisha familia hizi mbili ndiyo kazi. Zote zina petali nne, na mara nyingi stameni sita. Katika haradali, stameni nne ni ndefu na mbili fupi. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliitumia tofauti hiyo ya urefu mwaka 1753 kuzikusanya haradali katika kundi moja. Mgagani una stameni sita zinazokaribiana kwa urefu, zimepanda juu ya kikonyo chembamba, mbali na petali, na juu yake kinatoka kikonyo kingine kilichobeba ganda. Majani peke yake hayatoshi. Mgagani una vijani vitatu hadi saba vinavyotoka pamoja kama vidole vya mkono, lakini nduguye Cleome monophylla, mwenye maua ya waridi, ana majani yasiyogawanyika.

Somo la ganda alilipata kwa bibi mmoja aliyekuwa akipalilia karibu na mto Mkondoa. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba amwonyeshe mbegu anazohifadhi. Bibi alichagua ganda lililokwisha geuka rangi, akalibonyeza kwa ukucha. Kuta mbili zikaachia, mbegu nyeusi zenye mikwaruzo zikamwagika kiganjani, na fremu nyembamba ikabaki imesimama kwenye kikonyo, katikati yake wazi.

"Usingoje lipasuke lenyewe, mwanangu," alimwambia. "Litakumwagia zote."

Uwazi ule wa katikati ndio alama. Ganda la haradali likifunguliwa, ndani ya fremu hubaki utando mwembamba unaopitisha mwanga, uliokuwa ukitenga vyumba viwili vya mbegu. Mgagani hauna utando huo.

Bondeni Kilosa kuna joto, na haradali za porini si nyingi. Ukitaka kuziona, upande kwenye baridi ya milima ya Ukaguru na Rubeho. Huko bibi shamba alijifunza kulitafuta kundi la Cardamine kwenye vivuli vyenye unyevu: maganda membamba ambayo yakikomaa kuta zake hujikunja ghafla na kurusha mbegu. Kundi la Lepidium nalo lina viganda bapa vya mviringo, kila chumba na mbegu moja. Mtaalamu wa mimea Bengt Jonsell aliiandika familia ya haradali kwa ajili ya Flora mwaka 1982, na anayefuata maelezo ya namna hiyo bila ganda lililokomaa mkononi hukwama njiani.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilimfundisha kazi ya macho. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, haichumwi mmea bila kibali. Ndani yake alipiga magoti na kioo cha kukuzia, akachora, akaandika, akauacha mmea mahali pake. Sampuli alizikusanya vijijini, nje ya mipaka, kwa ruhusa ya wenye mashamba.

Akistaafu, aliwaachia vijana waliomfuata utaratibu uleule. Mmea ung'olewe na mzizi wake, ulazwe kati ya magazeti, mbao mbili zikazwe kwa mikanda, magazeti yabadilishwe kila siku mpaka ukauke. Mbegu ziwekwe kwenye bahasha ndogo. Lebo itaje kijiji, mwinuko, udongo, rangi ya petali mbichi, maana hufifia, na jina walilolitumia wenyeji, pamoja na lugha yao, Kisagara, Kikaguru au Kividunda. Anayemletea majani matupu humrudisha shambani akangoje maganda.