Pemba kwa Wawili: Karafuu, Bahari na Sindano ya Begani

Umechoka na foleni za Dar na unatafuta pa kumtorosha mwenzi wako kwa siku nne tano? Unguja mmeshaenda, picha za Forodhani mnazo. Safari hii vukeni hadi Pemba.

Boti inafunga Mkoani, na kutoka hapo barabara ya Chake Chake inapanda na kushuka vilima, mikarafuu pande zote. Msimu wa mavuno karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya njia, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya gari. Kaskazini kuna msitu wa Ngezi. Ukiumaliza unatokea Vumawimbi, ufukwe mweupe ambao kuna siku mnaweza kuwa wawili tu, nyie na mawimbi. Magharibi ipo Misali kwa wapenda kuzamia. Jioni angalieni juu: popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwingine popote duniani, wanatoka kutafuta matunda.

Mbwa je? Ni wachache. Wakazi wengi ni Waislamu, na wanaofuga mbwa si wengi. Ndiyo maana mgeni anaweza kushangaa kusikia kwamba kisiwa hiki kina historia ndefu na kichaa cha mbwa.

Kisiwa kilichoshinda mara mbili

Kuanzia 2010, mbwa wa Pemba walianza kuchanjwa kila mwaka kisiwa kizima. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena kutoka nje, mara mbili. Kampeni ikarudi, na Oktoba 2018 mlipuko ukazimwa. Bahari haikutosha kuvizuia. Kilichovizuia ni mbwa kuchanjwa. Kwa hiyo hata penye mbwa wachache, ukiumwa na mmoja usilichukulie poa.

“Ni mkwaruzo tu”

Hapa ndipo wapenzi wengi hugombana. Mmoja kakwaruzwa na kijibwa cha ufukweni, anacheka, hataki kuharibu siku. Mwenzi wake anataka waende hospitali. Anayetaka hospitali ndiye mwenye haki.

Virusi vikiingia kupitia jeraha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au zikachelewa mwaka. Zikishaanza, ni kifo karibu kila mara. Hakuna tiba ya uhakika. Nafasi ya kupona ipo kabla ya dalili.

Fanya hivi: osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kisha hospitali, siku hiyohiyo. Hata mkwaruzo, au mate yaliyogusa kidonda, muonyeshe daktari. Chanjo huanza siku ile, inafuata siku ya 3 na ya 7, na kwa ratiba nyingine zipo dozi za baadaye. Zile hadithi za sindano nyingi za kitovuni zimepitwa na wakati. Siku hizi ni begani. Jeraha likiwa limetoa damu, kuna pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda.

Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Anza. Mbwa akichungwa siku 10 na kubaki mzima, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Na kama mwenzi wako ni mjamzito au ananyonyesha, chanjo hii haimzuii. Kuikosa ndiko kwa hatari.

Je, kuchanjwa kabla?

Kwa wikiendi ya ufukweni si lazima. Lakini kama kazi yako ni mifugo au wanyamapori, au mnapanga kuzunguka vijijini wiki kadhaa mbali na hospitali, fikirieni. Kwa mtu mwenye afya njema ni sindano mbili, wiki moja kati yake. Ukiumwa baadaye bado utaosha kidonda na kwenda hospitali, ila zitatosha sindano mbili, siku ya kwanza na siku ya 3, bila ile dawa ya kwenye kidonda ambayo mara nyingi ni adimu.

Kabla ya kupanda boti

Si kila zahanati huwa na chanjo hii, hivyo ulizieni mapema. Chake Chake, Wete na Mkoani kote kuna hospitali. Mmoja akiumwa siku ya mwisho, msiseme “tutaona tukifika Dar”. Dozi ya kwanza ichomwe hukohuko, kadi iwekwe kwenye mkoba, nyingine zimaliziwe nyumbani. Na anayekumbusha tarehe ya sindano inayofuata awe yule asiyeumwa, maana mwenye kidonda kikishakauka husahau haraka.

Safari njema, na msisahau kurudi na karafuu.