Mshale Uliposhuka



Jumamosi iliyopita mimi na mama mchungaji tulitoka Migori kwenda kwenye kesha Homa Bay. Tulikuwa tumechelewa. Wiki nzima nilikuwa nikiona matone ya maji chini ya gari, na kila asubuhi nikajiambia, "Fundi ataliangalia Jumatatu."

Kabla ya Awendo mshale wa joto ukaanza kupanda. Mama ndiye aliyeuona. "Baba, gari linachemka. Simamisha." Nikamwambia ni hizi trela za miwa, tunatambaa nyuma yake na rejeta haipati upepo. Mshale ukazidi kupanda. Nikaanza kuomba. Ndiyo, wapendwa, niliukemea mshale kwa jina la Yesu huku mguu wangu ukiwa kwenye mafuta.

Tulipokata kona Rongo na kushika barabara ya Homa Bay, mshale ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Nikapaza sauti, "Haleluya! Mama, umeona?" Hakunijibu.

Karibu na Rodi Kopany gari liliishiwa nguvu, mvuke ukatoka chini ya boneti, likazimika. Kijana wa bodaboda akaja mbio kutusaidia, akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta. Fundi aliyekuwa ng'ambo ya barabara akapiga kelele, "Wacha!" Mvuke na maji ya moto yaliyobanwa humo yangemrukia usoni. Akatufundisha: zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, hadi paipu ya rejeta ishikike kwa mkono. Tena usimwagie injini ya moto maji baridi, chuma kinaweza kupasuka.

Nikamsimulia muujiza wangu wa mshale. Akatabasamu. "Pasta, injini haikupoa. Kile kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, hakina cha kupima."

Kumbe wakati nikishangilia ndipo injini ilikuwa ikiungua. Silinda hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeenda. Ningesimama pale Awendo, pengine ningenunua paipu tu.

Tuliketi kwenye benchi la fundi hadi giza likaingia. Mama akasema polepole, "Hata mimi nilikuwa nikikuambia. Unarudi usiku umechoka, watoto wanapata maneno makali, watu wa kanisa wanapata tabasamu. Mwaka huu niliacha kusema. Wewe ukadhani nyumba imetulia."

Sikuwa na jibu. Utulivu huo ndio niliokuwa nikiutolea ushuhuda madhabahuni.

Nikamkumbuka Samsoni katika Waamuzi 16. Aliamka akiwa na ujasiri wote wa jana, na hakuna kilichomuuma kumjulisha kwamba Bwana ameondoka. Pengine wewe nawe dhambi fulani ilikuwa inakunyima usingizi, siku hizi unalala fofofo. Pengine mtoto aliyekuwa akikulilia hakulilii tena. Kabla hujasema "Mungu ametenda", angalia kama maji bado yapo.

Na gari lako pia, tafadhali. Taa nyekundu ya joto au ya oili ikiwaka, tafuta mahali salama usimame wakati huo huo. Ya manjano, mwone fundi mapema. Ukiona matone chini ya gari, yaangalie: ya kijani au waridi yaweza kuwa ni kulanti, ya hudhurungi au meusi yaweza kuwa ni oili. Mshale ukianza kupanda, zima eisi, washa hita, kisha simama. Kuomba ukiwa umesimama kando ya barabara hakupunguzi imani.

Kesha la Homa Bay liliendelea vizuri bila mimi. Gari bado liko kwa fundi, na pesa zilizokuwa za karo zimeenda huko. Jana niliwaita watoto sebuleni, nikawaomba msamaha mmoja mmoja. Mdogo aliuliza kama kesho nitakuwa mkali tena. Nikamwambia aniambie akiniona naanza kupanda, na safari hii nitasimama.

Ee Bwana, turudishie sauti tulizozinyamazisha, na utupe moyo wa kusimama zinaposema. Katika jina la Yesu, Amina.

Usiku wa leo, kabla hujalala, muulize mtu mmoja wa nyumbani mwako: ni jambo gani umeacha kuniambia? Kisha nyamaza, umsikilize.