Dhahabu Isiyohifadhika

Katika mashamba ya viazi vitamu ya Afrika Mashariki huonekana mdudu mdogo wa mviringo, atambaaye juu ya majani kama tone la dhahabu iliyoyeyuka. Ni mbawakawa wa jenasi ya Aspidimorpha. Kingo za gamba lake zimetanuka zikafunika kichwa na miguu, na nuru hupita ndani yake kama katika kioo cha dirisha. Ajapo sisimizi, mdudu huyu huinama akaligandamiza gamba juu ya jani, pasiwe na mahali pa kumshika. Kwa sababu hiyo hufananishwa na kobe.

Chakula chake ni jani lile lile ambalo mpishi wa Dar es Salaam huliita tembele na kuliunga kwa nazi. Yeye na kiwavi wake hulitoboa matundu, wala mwuza mboga hawezi kumsifu. Walakini mkulima atakaye kiazi hana sababu ya kumwogopa sana, maana mara nyingi mmea huyavumilia majeraha hayo, na kiazi chenyewe kimo udongoni.

Utoto wake hauna fahari. Kiwavi ana miiba ubavuni, na mkiani ana uma auinuao juu ya mgongo, umebeba ngozi alizozivua, na mara nyingi kinyesi chake pia. Uchafu huo ndio ngao yake. Kutoka katika vazi hilo la aibu huzaliwa dhahabu.

Dhahabu hiyo ni ya namna gani? Mwaka 2007 Jean Pol Vigneron na wenzake walieleza habari za jamaa yake wa Panama, Charidotella egregia. Gamba la mdudu huyo lina tabaka nyingi nyembamba zenye vitundu vidogo mno. Umajimaji ukivijaza, tabaka huwa laini zikarudisha nuru kwa mng'ao wa dhahabu. Akiudhiwa, umajimaji huondoka, na wekundu ulio chini hudhihirika.

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mbawakawa huyu ni kinyume cha mkakasi, kwani uzuri wake watoka ndani, nao haudumu pasipo uhai. Amkamataye akamchoma pini sandukuni hubaki na gamba lenye rangi ya majani makavu. Makumbusho huhifadhi umbo lake na jina lake, na manufaa yake ni makubwa. Lakini atakaye kujua kwa nini alisifiwa hana budi kwenda shambani asubuhi, ainame penye majani, na aizuie mikono yake.